Mawingu Mawili Juu ya Matete

Sabina alikuwa mwoga, na wala hakuona haya kulisema hilo. Aliogopa mbwa wa jirani, aliogopa pikipiki, aliogopa radi hata ikipiga huko mbali upande wa Mbulu. Ila zaidi ya vyote aliogopa matete ya bondeni, chini ya msitu wa Ngorongoro, na huko ndiko alikokwenda kila wiki na mundu wake, kwa sababu mwoga naye anakula. Kambi za wageni zilitaka matete ya kuezekea mabanda, na pande zile za kijiji chao cha Daa hakukuwa na bonde lingine lenye matete marefu na manyoofu kama yale.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa juu ya tuta na mkwe wake, Stumai, mke wa mwanawe Isaya, wakisubiri jua. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni pomoni, huoni hata tete moja. Stumai alizaliwa Singida, akaja Karatu na wazazi wake kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, na Isaya alipomwona huko hakurudi tena nyumbani na akili zake. Sasa tumbo lilikuwa limeanza kumchomoza chini ya kanga. Isaya, dereva wa watalii, alikuwa ameshuka na wageni ndani ya kreta ya Ngorongoro, na kabla ya kuondoka alimwambia mama yake, "Mama, niangalizie huyu." Maneno mepesi sana kuyasema ukiwa umekaa ndani ya gari.

"Mama, saa hizi tungekuwa tumeshamaliza nusu," Stumai alisema, akijikunyata. "Ukungu wenyewe si mvua."

"Hatuingii mpaka wadudu waamke."

"Wadudu gani hawa, wanalala kama matajiri!"

Wadudu wenyewe ni kereng'ende. Baridi ya Karatu inamfunga mabawa. Mpaka jua limpashe kifua, atakuwa ameng'ang'ania bua lake, umande umemjaa mwili mzima, na unaweza kumchuma kama unavyochuma tunda. Na watu wa bonde lile hawaingii kwenye matete kereng'ende akiwa bado amelala. Si kwa ushirikina. Ni kwa sababu ya mbogo.

Mbogo huyo alikuwa dume zee lililofukuzwa na kundi lake, likashuka kutoka msituni na kulifanya bonde nyumba yake. Miaka nenda miaka rudi watu walimfukuza kwenye maharage yao kwa madebe, kwa mbwa na kwa makelele, hadi ikafika mahali sauti ya mtu kwake ikawa ni vita. Akiisikia hakimbii, anaifuata. Kwa hiyo ndani ya matete hakuna kuitana. Simu zinazimwa na kuachwa kwenye kikapu juu ya tuta. Na kwa kuwa matete yanampita kimo hata mtu mrefu, ukiingia humwoni mwenzako, humsikii, humjui aliko.

Unamjua kwa kereng'ende. Mtu akikata matete, anawatimua inzi na mbu waliojificha humo, na kereng'ende wanakuja kula. Wanamzunguka juu ya kichwa, kundi zima, wingu dogo linalometameta kwenye jua, na akisogea wanasogea naye. Ukitaka kujua mwenzako yuko wapi, inua macho utazame juu ya ncha za matete. Penye wingu ndipo alipo. Mganda wa matete nao haufungwi na mtu mmoja, lazima mmoja aukandamize kwa goti na mwingine avute kamba. Kwa hiyo anayemaliza kukata anaacha kazi yake, anatafuta wingu la mwenzake, na kumfuata huko huko.

Tatizo ni kwamba mbogo naye akitembea anatimua inzi. Naye ana wingu lake, na kwa mbali halina tofauti na la mtu. Ndiyo maana watu hukaa kwanza juu ya tuta jua likitoka, wakitazama. Ukiona wingu na hakuna mtu aliyeingia, unachukua mundu wako unarudi nyumbani.

Jua lilitoboa. Ukungu ukaanza kunyanyuka kidogo kidogo kama mvuke wa sufuria. Stumai aliinama ukingoni mwa maji kunoa mundu wake juu ya jiwe, akashtuka.

"Mama, njoo uone hili dudu!"

Sabina alilijua kabla hajafika. Chini ya maji, kwenye tope, alikuwa amekaa mtoto wa kereng'ende, wa rangi ya tope lenyewe, mbaya wa sura, ametulia tuli. Kiluwiluwi kimoja kikapita karibu yake, hakina habari. Ghafla taya lililokuwa limekunjwa chini ya uso wa yule mdudu likafyatuka mbele kama mkono, likakinasa, likarudi. Mkia wa kiluwiluwi ukabaki ukitikisika nje ya kinywa.

"Ee Mungu wangu," alisema Stumai, mkono tumboni. "Na huyu ndiye anayekuja kuwa yule mwenye mabawa mazuri?"

"Huyo huyo. Anakaa humo miezi na miezi, hakuna anayemwona. Siku yake ikifika anapanda tete alfajiri, anapasuka mgongo, anatoka." Sabina alimwonyesha ngozi tupu zilizong'ang'ania mabua, nyepesi, zimepasuka mgongoni, miguu bado imeshika. "Akishatoka, wiki chache tu anakufa. Lakini wiki hizo, ole wake inzi."

Alikuwa akiwaogopa na hao pia, tuseme ukweli. Kereng'ende hamkimbizi inzi kwa nyuma kama mbwa anavyokimbiza sungura. Anatazama inzi anakoelekea, anatangulia, anamkuta huko. Anamkusanya kwa miguu yake sita kama kwa kikapu, na anamla huko huko hewani, hatui. Mabawa tu ya inzi ndiyo yanayoanguka chini. Kitu kimoja kinamshinda: kisichotikisika. Mtu akisimama tu, inzi wakatulia, kereng'ende wanamwacha na kwenda penye chakula.

Na kusimama ndiko kulikomponya Sabina.

Miaka miwili nyuma aliingia kwenye matete haya haya na mumewe, Fabian. Akiwa anakata alisikia mbogo akipumua kwa nguvu puani, mahali fulani, hakujua wapi. Akaganda. Mundu mkononi, mguu mmoja mbele, akasimama hivyo mpaka jua likamfika utosini, hakupepesa hata jicho. Akapona. Fabian alikuwa upande wa pili wa bonde, salama kabisa, mbali na mnyama. Lakini Fabian aliacha matete yake aliyoyakata, akatembea moja kwa moja hadi kwa mbogo. Waliomfuata baadaye waliona njia yake ndani ya matete, imenyooka kama iliyopimwa kwa kamba.

Msibani kila mtu alikuwa na lake. Shemeji yake Clemensi alisema Fabian alikwenda kupigana na mbogo kwa mundu, maana alikuwa na hasira za karibu. Wengine walinong'ona kwamba aliitwa na kitu. Sabina hakuamini kwamba aliitwa. Aliamini kwamba mume wake alifanya ujinga, akamwacha mjane kwa ujinga huo, na kila Jumapili akimwombea kanisani alimwombea kwa midomo, moyoni amenuna. Miaka miwili amenuna, na aliyemnunia yuko kaburini.

Kereng'ende waliamka. Kwanza mmoja, akatetemesha mabawa, akaruka, akarudi bua lile lile. Halafu kumi, halafu hesabu ikapotea. Sabina alisimama juu ya tuta akatazama bonde lote, akatazama tena, na tena. Kereng'ende walikuwa wametawanyika huku na huko. Hakuna wingu popote.

"Haya," alisema, akaokota mundu wake. "Wewe kata kushoto, kwenye yale mafupi. Mimi nakata kulia. Ukimaliza unifuate tufunge. Na usiongee."

"Abee, mama."

"Hata hiyo abee yako iache hapa hapa tutani!"

Stumai akacheka, akajiziba mdomo. Ilikuwa kweli. Siku yake ya kwanza bondeni Sabina alimnong'oneza jina lake tu, naye akaitika "Abee mama!" kwa sauti hadi kwale wakaruka. Alikuwa amelelewa vizuri mno. Ukimwita hata usingizini anaitika, na anaitika ili umsikie.

Wakaingia. Sabina alikata akiwa na roho mkononi, lakini alikata. Matete yalilala upande mmoja, inzi wakatimka, na baada ya muda akasikia juu ya kichwa ule mchakacho mkavu wa mabawa. Wadudu wake walikuwa wamefika. Aliinua macho. Kushoto, mbali, juu ya ncha za matete, wingu la Stumai lilikuwa likimetameta, likienda mbele kidogo na kurudi, kwa mwendo wa mkono unaokata. Moyo wake ukatulia. Akawa anakata mara chache, anatazama, anakata tena, kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Aliinua macho mara nyingine, akaona mawingu mawili.

La pili lilikuwa upande wa juu, kuelekea msituni, karibu na Stumai kuliko na yeye. Lilikuwa limejitokeza pale pale ambapo dakika moja nyuma hapakuwa na kitu. Sabina alielewa mara moja. Mbogo alikuwa amelala topeni tangu usiku, ametulia, hakuna inzi aliyetimka, hakuna kereng'ende aliyemjali. Sasa ameamka.

Damu ilimganda. Mkono ulioshika mundu ukabaki hewani. Hakuamua kusimama, mwili wenyewe ulisimama, kama ule mwaka. Alisikia jasho likimshuka mgongoni na hakuthubutu hata kujikuna. Upepo ulitoka msituni, ukamletea harufu ya ng'ombe aliyeoza nusu, na ndani ya harufu hiyo akasikia bua likivunjika, kisha lingine. Tulia, alijiambia. Tulia tu. Akipita, amepita.

Na kweli, inzi wakatulia. Kereng'ende waliokuwa juu yake wakaanza kupungua. Mmoja akaenda, wawili wakaenda, wengine wakatua kwenye mabua, vichwa vyao vikigeuka geuka. Waliobaki wakavuka juu ya matete kuelekea kule kwenye karamu. Juu ya Sabina pakabaki mbingu tupu.

Hapo ndipo alipoona wingu la Stumai limeacha kwenda na kurudi. Lilisimama kidogo, kama linalotafuta njia. Halafu likaanza safari, taratibu, bila wasiwasi wowote. Stumai alikuwa amemaliza kukata. Alikuwa ameinua macho amtafute mama mkwe wake, akaona wingu moja tu bondeni kote, na sasa alikuwa analifuata.

Sabina alifungua mdomo. Jina lilikuwa tayari ulimini, Stumai, na angelipiga kwa nguvu zake zote. Kisha akaisikia ile "Abee mama!" kabla haijasemwa. Ataitika. Atasimama pale pale alipo, karibu kabisa na mbogo, na tumbo lake, na adabu yake, ataitika kwa sauti nzuri ya kusikika. Sabina akafunga mdomo hadi meno yakagongana.

Wingu la Stumai lilisogea. Lile jingine halikusogea. Lilimsubiri.

Kulikuwa na njia moja, na mwili wake wote uliikataa. Alitakiwa akate. Alitakiwa atikise matete, atimue inzi, awarudishe kereng'ende juu yake ili yule binti aone wingu lingine. Na mbogo naye atasikia. Siwezi, Sabina alisema moyoni. Mungu wangu, siwezi. Mkono ulikuwa mzito kama si wake. Alilia bila sauti, machozi yakamshuka hadi kidevuni, na akilia hivyo hivyo akaushusha mundu.

Shwaa. Tete moja likalala. Akakata la pili. Akakata mafungu mazima, hovyo, akayapiga mateke, akayakanyaga, akayatikisa kwa mabega. Inzi wakatimka. Njooni, aliwasihi kereng'ende, njooni mle, mnangoja nini? Wa kwanza alipita mbele ya uso wake, akanasa inzi, akazunguka. Wakaja wawili. Wakaja wengi. Mabawa ya mbu yakaanza kumwangukia kwenye nywele na mabegani.

Wingu la Stumai likasimama.

Sabina akakata zaidi. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima. Aliona lile wingu likiyumba, likifikiri, na akajua binti anatazama mawingu mawili na hajui mama mkwe wake yuko chini ya lipi. Akainua rundo la matete aliyoyakata na kulipunga juu, mara mbili, mara tatu, mpaka kereng'ende wakapanda juu zaidi kama cheche. Wingu la Stumai likageuka. Likaanza kuja.

Alipotazama tena kule juu, la mbogo halikuwepo.

Hakuna kitu kilichowahi kumtisha kama ile mbingu tupu. Maana alijua maana yake. Mbogo alikuwa amesimama. Ameinua kichwa, anasikiliza, na sauti pekee bondeni ilikuwa ya mundu wake. Kila kiungo kilimwambia acha. Akiacha, wadudu watamwacha, na Stumai atapotea katikati ya matete na mnyama ambaye hakuna tena anayejua aliko. Sabina akaendelea kukata. Si kwamba hakuogopa, woga ulikuwa umemjaa pomoni. Alikata nao.

Matete yakafunguka, Stumai akatokea, kamba begani, anatabasamu. Alifungua mdomo aseme kitu. Sabina alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja, akamkumbatia kwa nyuma na kumshikilia.

Wakasimama. Sasa ndiyo ilikuwa kazi anayoiweza Sabina kuliko mtu yeyote wa Daa. Alimshika yule binti hivyo, kidevu juu ya bega lake, mkono mwingine juu ya tumbo, na akahisi chini ya kiganja kitu kidogo kikipiga teke. Inzi wakatulia. Kereng'ende wakaondoka mmoja mmoja. Mmoja akatua kwenye kilemba cha Stumai, macho makubwa yamejaa kichwa chote, akatulia naye.

Kisha wingu likazuka, karibu, juu ya matete yaliyo mbele yao. Mabua yakavunjika. Wakaona pembe kwanza, zimepakwa tope, halafu mgongo mweusi, na inzi, na kereng'ende wakicheza juu ya inzi. Yule wa kwenye kilemba akaruka kwenda kuungana na wenzake. Mbogo alisimama. Walimsikia akivuta pumzi. Mkojo ulimtoka Sabina na hakujali. Kisha mnyama akapiga chafya, akashuka kuelekea kwenye kijito, na wingu lake likamfuata mpaka likawa dogo.

Walitoka kinyume chake, kimya, na hawakusimama mpaka juu ya tuta. Stumai alikaa chini, akapakata kikapu cha simu kama mtoto.

"Mama, nilikuwa namwendea yule," alisema meno yakigongana. "Nilikuwa namwendea kwa miguu yangu!"

"Imekwisha, mwanangu."

"Nilimaliza kukata, nikatazama. Wadudu wako hawakuwepo. Nikaona wengine kule juu, nikasema, mama kahamia kule, anahitaji mtu wa kufunga naye. Nikakufuata." Akajifuta pua kwa kanga. "Nilikuwa nakufuata wewe, mama."

Sabina alikuwa akikung'uta mabawa ya mbu mabegani. Mkono ukasimama.

Alitazama bonde. Aliona upande wa pili, kule mbali, penye salama, ambako matete yalikuwa yameota upya juu ya njia iliyonyooka kama iliyopimwa kwa kamba. Aliona mtu amemaliza kukata, amekaa chini akisubiri mke wake aje, haji. Mtu huyo anainua macho. Juu ya mke wake hakuna kitu, kwa sababu mke wake amesimama.

"Mama? Mama, vipi?"

Sabina akakaa chini kwenye nyasi zenye umande. Sauti ilipomtoka ilikuwa kubwa, hata angekuwa ndani ya matete asingeweza kuizuia.

"Fabian," aliita. "Fabian wangu!"

Kule kwenye kijito wingu likasimama. Stumai akamshika mkono, akamnyanyua, na wakapanda haraka kuelekea nyumbani.